Tumbusi na Machozi ya Mshubiri

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na moto.

Ukafanya nini?

Ukaunguza.

Nani alipona?

Aliyengoja.

Na nani hakupona?

Haya, hapo mmenyamaza, kwa sababu hamjui. Sogeeni.

Leo nimeshtuka, wajukuu zangu. Nimetoka uani nikamkuta mtu, simtaji jina, amevunja jani la mshubiri wangu na kujipaka usoni papo hapo, utomvu wa manjano unamchuruzika mpaka shingoni. Eti anataka ngozi laini kwa ajili ya arusi ya Jumamosi. Nimemwosha kwa maji kata tatu, sasa amejifunika mtandio, na mnaona wenyewe anavyojikuna. Nimeishi na mmea ule miaka sitini. Sijasikia haraka ya namna hiyo tangu haraka ya Tumbusi.

Ndiyo, Tumbusi, yule ndege mla mizoga. Na asiniambie mtu kwamba ngano ya mchana humwotesha mtu mkia. Nimezisimulia mchana maisha yangu yote. Anayetaka kuhakikisha aje anipapase.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama sisi, Tumbusi alikuwa mzuri. Msicheke. Alikuwa na kishungi kichwani, na manyoya meusi ya kung'aa yaliyoshuka kutoka utosini mpaka mabegani. Kila asubuhi aliyachana kwa kucha zake mtoni, akijitazama majini. Akimaliza kujitazama anajitazama tena.

Ng'ambo ya mto palikuwa na kilima cha mawe, na hapo alikaa Bi Nungunungu. Huyu hakuwa na watu wengi wa kumkumbatia, sababu mnaijua. Ulimi wake nao ulikuwa na miiba. Lakini mawe yake yote yaliota mishubiri, na yeye ndiye aliyeijua dawa yake.

Ukienda kwake na kidonda, alikata jani moja la chini, nene, lililokomaa. Basi wewe unadhani atakupaka. Hakupaki. Alilichukua jani akalisimamisha ndani ya kifuu, upande uliokatwa ukiwa chini, kwenye kivuli cha jabali kubwa. Halafu anakaa. Na akikaa anaimba. Itikieni:

*Lia jani, lia basi,*
*lia wewe, mwana alale.*

Jani linaanza kutoa maji ya manjano, tone, tone, tone. Hayo ndiyo machozi yake, na ndiyo shubiri yenyewe, ile chungu, ile inayowasha. Likimaliza kulia, Bi Nungunungu analiosha kwa maji, analimenya ganda, unabaki ute mweupe, baridi. Kwanza anakutia tone moja ndani ya kiwiko. Unakaa. Usipowashwa, ndipo anakupaka kidonda.

"Jani lisilolia," alikuwa akisema, "litakuliza wewe."

Na machozi yale hakuyamwaga. Mama anayetaka kumwachisha mtoto ziwa alipewa kidogo, akapaka kwenye chuchu. Mtoto akionja mara moja anakunja uso na kutema, mama anaosha ziwa, na kesho mtoto mwenyewe anaomba uji. Bibi yenu mimi niliachishwa hivyo, na mama yenu pia. Lakini kunywa, hapana. "Dawa yangu inakaa juu ya ngozi," alisema Bi Nungunungu. "Haina safari ya tumboni."

Sasa Tumbusi alikuwa akipita juu angani. Aliyeko juu huona mengi. Siku ya kwanza akaona Bi Nungunungu anakata jani. Siku ya pili akaona anamenya. Siku ya tatu akaona anampaka mgonjwa, na mgonjwa anashusha pumzi. Kule kungoja hakukuona hata siku moja, kwa sababu kungoja kulifanyika chini ya jabali, kivulini.

"Kumbe ni mambo matatu tu," akasema Tumbusi. "Kata, menya, paka. Na ajuza yule anajifanya mtu wa maana."

Hata kumenya akaona ni kujichosha. Akaiba majani usiku wa jua, yaani adhuhuri, watu wote wamelala. Akayaponda mazimamazima, ganda, utomvu na miiba yake, akayatia kwenye kibuyu kikubwa, akatupia maua ya asumini ili yanukie. Akakaa njia panda, pale wanyama wote wanapopita kwenda kunywa maji.

"Dawa mpya," akatangaza. "Dawa ya kisasa. Huku hakuna kungoja. Malipo ni mnofu mmoja wa nyama, paka moja."

Akaja Ngiri, ameumwa na siafu mgongoni. Akapakwa. Kabla hajafika mbali akarudi anaruka.

"Bwana Tumbusi, inawasha."

"Inawasha?" akasema Tumbusi. "Ndiyo dawa inafanya kazi."

Ngiri akakimbilia matopeni akagaagaa. Mpaka leo akiona tope hawezi kulipita.

Akaja Nyani, amekalia mwiba. Akapakwa pale pale alipokalia. Hakufika hata kwenye mti wa kwanza.

"Bwana Tumbusi, inachoma."

"Inachoma? Ndiyo dawa inafanya kazi."

Nyani akatafuta jiwe la baridi akalikalia. Makalio yake mnayajua, sina la kuongeza.

Akaja Fisi. Fisi hakuwa na kidonda. Alikuwa na tumbo limejaa mifupa, na pua yake imevutwa na asumini. "Kama inaponya nje," akasema, "ndani itaponya zaidi." Akainua kibuyu akagida.

Jamani. Fisi aliingia kichakani siku tatu. Alitoka akiwa amechuchumaa, na kiuno chake hakijanyooka tena mpaka hii leo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mimi huwa nashindwa kuelewa. Watatu hawa walijua. Kila mmoja aliijua dawa ile kwa mwili wake. Je, walisema? Hawakusema. Ngiri aliona aibu kwamba ametoa mnofu wake akadanganywa. Nyani angesema nini, na angeonyesha wapi? Fisi ndiyo kabisa. Wakafunga midomo yao, na Tumbusi akaendelea kuuza.

Katika ukingo ule wa mto aliishi Mama Tumbili. Alizaa watoto watatu. Wa kwanza alichukuliwa na Chui. Wa pili alichukuliwa na homa. Akabaki wa tatu, na jina lake lilikuwa Tatu. Mama Tumbili alikuwa akilala ameushika mkia wa mtoto yule, ili hata usingizini ajue yupo.

Kiangazi kikaja, na wanadamu wakachoma mashamba kama kawaida yao. Moto ukapita nyikani, ukaacha jivu. Tatu akashuka mtini. Akaona panzi, panzi wengi, wameiva vizuri juu ya jivu. Mtoto na panzi wa kuchoma, mnajua wenyewe. Akatia mikono yote miwili kwenye jivu awazoe. Chini ya jivu palikuwa na makaa mazima.

Ukelele wa Tatu ulisikika ng'ambo ya pili ya mto.

Mama Tumbili akambeba, akavuka, akapanda mawe. "Bi Nungunungu, mwanangu."

"Leo hata shikamoo hakuna," akasema Bi Nungunungu, "basi ni makubwa. Mlete." Akaiona ile mikono, akashtuka, na hakusema neno la ukali. "Umeitia maji?"

"Sijaitia."

"Itie kijitoni, yote miwili, usiitoe mpaka nikuambie."

Akakata jani nene kuliko yote, akalisimamisha kwenye kifuu, chini ya jabali. Akaanza kuimba. Mmesahau kuitikia?

*Lia jani, lia basi,*
*lia wewe, mwana alale.*

Tatu analia. Jani linalia. Mama Tumbili naye analia.

"Bado, Bi Nungunungu?"

"Bado, mwanangu."

Tone, tone, tone.

"Bado, Bi Nungunungu?"

"Bado."

Tone, tone.

"Bi Nungunungu, nimezika wawili. Huyu naye unataka nimkalishe hapa nimtazame akifa, wewe unaimba?"

Bi Nungunungu akasema, na ulimi wake ukarudia miiba yake, "Jani halijui kuwa una haraka, Mama Tatu. Kaa."

Mama Tumbili hakukaa. Alimtoa mtoto majini, akambeba, akashuka mawe mbio. Mimi simlaumu sana. Aliyewahi kubeba mtoto anayelia kwa kuungua anajua kwamba masikio ya mama hayasikii neno "kaa".

Akafika njia panda.

"Mama Tatu," akasema Tumbusi, "unahangaika nini na dawa ipo? Kule kwa ajuza watu hungoja mpaka waote mvi. Lete mikono."

"Haitamuumiza?"

"Itamuumizaje? Nusa."

Mama Tumbili akanusa. Ikanukia asumini. Tumbusi akachota kwa ukucha, akapaka mkono wa kulia, akapaka mkono wa kushoto, akaongeza na nyingine juu yake.

Tatu alipiga ukelele mmoja. Halafu akanyamaza.

"Umeona?" akasema Tumbusi. "Kanyamaza. Ndiyo dawa inafanya kazi."

Mama Tumbili akamtazama mwanawe. Macho yamegeuka juu, meupe. Kichwa kimelala kwenye kifua chake, na mikono inavimba huku anaiona. Akamwita, "Tatu." Akamwita tena, "Tatu." Akamwita mara ya tatu. Mtoto hakuitika.

Kilio cha mtoto kinachosha, lakini ukimya ule, wajukuu zangu, Mungu asiwaonyeshe.

Ngiri akatoka matopeni, tope linamdondoka. "Mama Tatu, mwoshe upesi. Mimi iliniwasha siku tatu."

Nyani akashuka kwenye jiwe lake. "Mwoshe, mama. Mimi bado sijakaa vizuri."

Fisi akachungulia kichakani. "Na asiilambe."

Mama Tumbili akawageukia mmoja mmoja. "Mlijua?"

Ngiri alitazama chini, Nyani alitazama pembeni, Fisi alirudi kichakani.

"Mlijua," akasema Mama Tumbili, "mkaniacha nipite."

Hakungoja jibu. Akavuka mto, na alipokuwa akivuka aliitumbukiza ile mikono majini mpaka harufu ya asumini ikapungua. Akapanda mawe. Alipofika juu hakuwa na uso wa kumtazama Bi Nungunungu. Alimweka mtoto chini, akainama.

Bi Nungunungu hakuuliza alikuwa wapi. Aliinusa mikono ya Tatu, akajua. Akachukua maji, akaosha, akamwaga, akachukua mengine, akaosha tena, mpaka utomvu wote ukaisha. Akamlainisha midomo. Akampepea. Tatu akavuta pumzi, akalia kidogo, kilio chembamba.

"Bi Nungunungu," akasema Mama Tumbili, "kata jani lingine. Safari hii nitangoja. Nitangoja hata mpaka kesho."

"Nikate la nini?" akasema Bi Nungunungu. Akanyoosha mkono chini ya jabali. "Jani la mwanao hili hapa. Limeshamaliza kulia. Ulipoondoka lilikuwa limebakiza matone matatu."

Matone matatu. Mama Tumbili alijishika kichwa, akakaa chini kwenye mawe, akalia kuliko alivyolia siku alipozika wale wawili.

Bi Nungunungu akaosha jani, akamenya, akatia tone moja kwenye kiwiko cha Tatu. Wakangoja. Mama Tumbili alingoja, na hakuuliza hata mara moja. Kisha bibi akailaza miiba yake yote mgongoni, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona, akampakata mtoto mapajani, akaifunika ile mikono kwa ute baridi, kidole baada ya kidole.

Jua lilipofika kwenye jabali la pili, Tatu alifungua macho.

"Mama," akasema, "panzi wangu wako wapi?"

Alipona. Alipakwa asubuhi na jioni kwa siku nyingi, kila jani likilia kwanza. Lakini viganja vyake vilibaki vyeusi, na mtazameni tumbili yeyote leo, mwambieni afungue mkono.

Habari ikaenea. Safari hii Ngiri alisema, na Nyani alisema, na Fisi alisema akiwa amechuchumaa. Wanyama wote wakaenda njia panda. Tumbusi yupo, anachana manyoya.

"Dawa yangu haina kosa," akasema. "Ni ngozi ya mtoto yule ndiyo mbovu. Hao wengine ni waoga wa maumivu."

Bi Nungunungu akatokea nyuma ya watu. Alikuwa hajawahi kushuka kilimani. "Sawa," akasema. "Kama haina kosa, jipake wewe."

Tumbusi akaangalia huku na huku. Watu wote wanamtazama. Mwenye majivuno akitazamwa na watu ana kazi kubwa ya kurudi nyuma. Basi akainamisha kichwa chake kizuri, akakitumbukiza kibuyuni, kishungi, shingo, mpaka mabegani. Na dawa ile ilikuwa imekaa juani siku saba.

Akatoka. Akasimama. Jicho moja likaanza kucheza.

"Inawasha?" akauliza Bi Nungunungu.

"Ndiyo dawa inafanya kazi," akasema Tumbusi, na machozi yanamtoka.

"Mto ule pale. Kaoshe."

"Sioshi."

"Kaoshe, mwanangu. Bado mapema."

"Nimesema sioshi."

Jua likapanda. Dawa ikakauka, ikamkaza ngozi. Akajikuna mara moja, ukatoka unyoya mmoja. Akajikuna mara ya pili, likatoka fungu. Akajikuna mara ya tatu, na hakuacha tena, na kila ukucha uliposhuka ulishuka na manyoya. Kishungi kikaanguka chini mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Hata Fisi, ambaye hucheka msibani, hakucheka. Walisimama wamefunga vinywa kwa mikono, wakiangalia kichwa kitupu, chekundu, chenye mikunjo, na macho mawili yasiyoamini.

"Bi Nungunungu," akasema Tumbusi kwa sauti ndogo, "niponye."

Bibi akakata jani. Akalisimamisha kwenye kifuu. "Kaa," akasema. Akaanza kuimba, na watu wote wakamwitikia, na nyinyi itikieni:

*Lia jani, lia basi,*
*lia wewe, mwana alale.*

Likadondoka tone la kwanza.

"Bado?" akasema Tumbusi.

"Bado, mwanangu."

Tumbusi akatazama lile tone moja. Akatazama watu wanaomtazama. Akafungua mabawa, akaruka, akaenda zake. Jani likalia mpaka mwisho peke yake, na aliyepakwa ute wake alikuwa Nyani.

Tangu siku ile Tumbusi hana unyoya kichwani. Akikaa hujikunja, shingo ameificha mabawani kwa aibu. Na jambo la kushangaza kuliko yote ni hili: sasa amejifunza kungoja. Mtamwona juu ya mti mkavu kutwa nzima, hatikisiki, anangoja. Yule aliyeshindwa kungoja matone machache ili apone, leo anangoja siku tatu ili mwingine afe.

Basi hayo ndiyo mafunzo. Dawa si jani peke yake. Dawa ni jani na adabu yake, na nusu ya adabu hiyo ni kungoja. Haraka haraka haina baraka. Na ukiumizwa na kitu, sema, hata kama unaona haya. Aibu yako ukiificha, itamuunguza mtoto wa mwenzako.

Siku hizi naona mshubiri umeingia mjini. Umo kwenye sabuni, umo kwenye mafuta ya nywele, umo kwenye chupa ya kujipaka ukitoka kunyoa ndevu. Sikatai, ni kitu kizuri, na huko kiwandani nimeambiwa nao huyatoa yale manjano kwanza. Lakini someni kibandiko. Mkiona pameandikwa "Kwa matumizi ya nje tu", mkumbukeni Fisi. Na mtoto akiungua kama Tatu, mtieni maji, mkimbizeni hospitali, msimlete kwangu niimbe.

Na wewe mwenye mtandio. Inuka, nenda pale nyuma ya mtungi. Kabla sijasema "Paukwa" nilikata jani nikalisimamisha kwenye bakuli, na muda wote huu lilikuwa linalia kwa ajili yako. Nadhani limemaliza. Lioshe, limenye, tia tone kwenye kiwiko, kisha rudi ukae hapa karibu yangu. Tutangoja pamoja.

Ngano yangu nimeikamua mpaka tone la mwisho. Utamu wake chukueni nyinyi, uchungu wake niachieni mimi.